Bingwa wa Barafu Ndani ya Mtumbwi wa Ndizi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, msije mkausikia kwa watu wengine ukiwa umetiwa chumvi. Nilivaa viatu vya chuma vya bingwa wa Uswidi, nikaingia navyo katika mtumbwi wa kukamulia ndizi ulioachwa na marehemu baba yangu, siku tano kabla ya harusi ya dada yangu. Nikautoboa.

Haya, nimesema. Chekeni mmalize, kisha mkae vizuri, ninyi wa darasa la tatu na la nne mnaojiona mna miguu. Anayewaandikia ni mkamuaji mstaafu. Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikaiacha nikiwa na kumi na sita, na sasa niko darasa la nane, napumzika kwa heshima. Wazee wa hapa wanasema kumbukumbu ni za watu wenye mvi. Wao waendelee kuzisubiri mvi zao zikomae. Mimi wino ninao leo.

Kazi yenyewe mnaiona kila siku lakini hamuijui. Mnadhani kukamua ndizi ni kurukaruka ndani ya gogo lililochongwa mpaka maji yatoke. Nami nilidhani hivyo. Siku yangu ya kwanza nilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, ndizi zikanirukia usoni, nikateleza, nikaketi ndani ya rojo mpaka kiunoni. Nyuki wote wa Karagwe walipata habari. Nilikwenda shule nimevimba hivi kwamba mwalimu aliita jina langu mara mbili nami nimesimama mbele yake.

Kwa hiyo shikeni haya. Ndizi za pombe, zile tunazoziita embire, zikae shimoni mpaka ganda liachie lenyewe. Ukilazimika kuvuta ganda kwa kucha, rudisha. Majani makavu ya kuchanganyia yawe marefu, yasiwe ya jana, na yachambuliwe miiba kabla, maana ndani ya mtumbwi hakuna mahali pa kukimbilia. Miguu ioshwe kwa maji ya moto, kucha zikatwe. Usile rojo ukiwa unakanyaga. Nilikula siku moja, na sitawaeleza zaidi kwa kuwa wasichana nao wanasoma.

Maji yanayotoka kwanza ni omuramba, matamu, hata mchungaji anakunywa. Ukitia unga wa mtama uliokaangwa, ukafunika kwa majani ya mgomba, ukaacha siku mbili, inakuwa rubisi, pombe yetu. Hiyo mchungaji hajui kama ipo, ingawa anajua nyumba zote inakopatikana.

Kwetu mtumbwi ulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Mwanamke haingii. Anakata majani, anateka maji, anamenya ndizi, anakaanga mtama, anausaga, anaosha mtumbwi kwa nje, lakini mguu wake usiguse ndani, maana pombe itaharibika. Baba alipofariki, nyumbani tulibaki watatu: mama yangu, dada yangu Koku, na mimi. Mwenye miguu inayoruhusiwa nilikuwa mimi peke yangu, mtoto wa kilo chache ambaye ndizi zilikuwa zinamshinda nguvu. Mama alisimama pembeni ya mtumbwi wa mume wake, mtu mzima mwenye miguu ya kupanda vilima na mtungi kichwani, akanitazama ninavyokwama. Wakati huo sikuona ubaya wowote. Niliona ufahari.

Sasa nimlete bingwa.

Bibi Sigine alikuwa muuguzi wa misheni, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkavu, anayetembea kama mtu aliyesahau kwamba barabara yetu ina mashimo. Alikuja darasani mara moja kwa juma kutufundisha afya. Siku moja alikuwa anatueleza habari za nyayo, jinsi ya kuzitunza, akasema miguu yake imepata taabu sana kwa sababu alipokuwa msichana alikuwa bingwa wa nchi yake nzima katika kucheza juu ya barafu.

Nikainua mkono, maana kazi yangu shuleni ilikuwa kuinua mkono pasipotakiwa.

"Bibi, barafu ni nini?"

"Ni maji yaliyokuwa magumu kwa baridi. Kwetu ziwa zima linakuwa gumu kama mwamba, miezi mingi. Unatembea juu yake."

"Kama Bwana Yesu?"

"Yeye hakuhitaji baridi," akasema.

Kijana mmoja wa wafugaji wa upande wa Kyerwa, ambaye hakuwa ameuliza kitu mwaka mzima, akasimama. "Na ng'ombe wanakunywa wapi?"

"Tunatoboa shimo kwa shoka."

Yule kijana akakaa, akatikisa kichwa kwa huruma. Nchi gani hiyo, ng'ombe anatobolewa maji.

Tulicheka mpaka kengele. Hakuna aliyeamini. Basi juma lililofuata akaja na mfuko wa turubai, akaweka mezani jozi ya viatu vyeusi vya ngozi, virefu kupita kifundo, na chini ya kila kiatu chuma kirefu chembamba kama upanga, chenye meno mbele kama ya msumeno. Tukaacha kucheka. Mtu hatengenezi kitu cha namna ile kwa ajili ya kudanganya watoto.

Akatueleza. Uso wa chuma kile chini una mfereji katikati, kwa hiyo kila kiatu kina kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mchezaji hasimami juu ya chuma, anasimama juu ya ukingo mmoja, akiulalia. Katika mashindano walitakiwa kuchora tarakimu ya nane kwenye barafu kwa mguu mmoja, kisha wairudie juu ya mstari uleule, kisha tena. Wakimaliza, waamuzi, wanaume wazima wenye kofia, wanapiga magoti kwenye barafu kukagua mstari.

"Ukikosea?" nikauliza.

"Mstari unaonekana. Barafu haisemi uongo kukusaidia."

Akatueleza pia, akiwa anafunga kamba za mfuko, kwamba mwaka mmoja walimnyima ubingwa. Aliruka juu, akazunguka, akatua salama. Waamuzi wakampunguzia alama. Wakasema kuruka ni kwa wanaume, kwamba sketi yake ilipanda, kwamba haipendezi.

"Ukafanya nini, Bibi?"

"Mwaka uliofuata niliruka mara mbili. Na nane yangu niliichora hivi kwamba walilala kifudifudi kuitafutia kosa, wakaamka na matumbo yaliyoloa. Wakanipa ubingwa wakiwa wamenuna."

Ninyi wadogo, niliposikia hayo nilisikia kitu kimoja tu: kuna viatu vinavyomfanya mtu asishindwe. Ndivyo kichwa changu kilivyo. Mwanamke anasimulia miaka ya kuamka alfajiri na kuanguka, mimi nasikia viatu.

Jumatatu moja nikamfuata nyumbani kwake. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Kaijage."

"Mama yangu haamini habari za viatu. Naomba nimwonyeshe tu."

Alinitazama kidogo, akanipa mfuko. Hakuniuliza nitavirudisha lini. Hilo liliniuma baadaye kuliko viboko vyote nilivyowahi kupewa.

Jioni ile tulikuwa na ndizi za harusi ya Koku za kukamua. Nusu zilikuwa zimekwisha kumenywa, ziko mtumbwini; nusu zilikuwa bado shimoni. Mama na Koku wamekwenda kuteka maji. Nikafikiri: kama miguu mitupu inachukua nusu siku, chuma kitachukua saa moja. Nikavaa. Nikajaza vitambaa mbele maana vilikuwa vikubwa. Nikaingia.

Mwanzoni, jamani, ilikuwa raha! Ndizi zilikatika kama siagi. Omuramba ukaanza kupanda. Nikasema na mimi niruke. Nikaruka. Nikatua na yale meno ya mbele, yakazama kwenye mbao, mguu ukabaki mwili ukaendelea. Nilisikia kifundo kikisema kitu, na mtumbwi ukisema kitu kingine. Mtumbwi ndio uliosema kwa sauti kubwa zaidi.

Mama aliporudi alinikuta nimekaa kwenye rojo na viatu vya kizungu, omuramba wote ukiteremka bondeni, na kuku wetu wakiufuata kwa furaha.

Alitua mtungi, akanivua kiatu, akakifunga kifundo changu kwa kamba ya mgomba. Koku ndiye aliyelia. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kumchukua, na hapa kwetu wakwe hawakaribishwi kwa maji ya kisima.

Habari ikamfikia Baba mkubwa Zakaria kabla jua halijazama. Huyu ni kaka yake marehemu baba, na ndiye aliyekuwa akiniruhusu kusoma. Alikuja na fimbo yake, magoti yamemvimba, akauzunguka mtumbwi mara mbili kama anayekagua maiti.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna, Baba mkubwa."

"Viatu vya nani?"

"Vya Bibi Sigine."

"Shule hiyo," akasema. "Shule ndiyo imekupa akili hii." Akamgeukia mama. "Jumamosi wakwe wakikosa vibuyu vyao, Jumapili mtoto huyu anakwenda kwa shemeji yangu kule Kyerwa kuchunga. Ng'ombe hawana viatu. Madaftari yake wapeni kuku, si wameshazoea vitu vyake."

Mama akasema kwa adabu, "Ndizi nyingine zipo shimoni, waitu. Tundu naliziba mimi."

"Na nani atakanyaga? Wanaume wote na vijana wako barabara ya Murongo wanachimba mifereji, hawarudi mpaka Ijumaa. Mimi na magoti haya? Huyu kilema?"

Hapo hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu. Rubisi inataka siku mbili. Kama haijakamuliwa Alhamisi asubuhi, haipo Jumamosi. Na mimi nilikuwa siwezi kukanyaga hata mavumbi.

Nyumba ilikuwa na miguu minne mizima, ya mama na ya Koku. Hakuna aliyeitaja. Mimi pia sikuitaja. Nawaambia ukweli ili mjue mstaafu wenu ni mtu wa namna gani.

Jumatano nikajikokota kwenda kurudisha mfuko. Nilikuwa nimetunga uongo mzuri sana njiani, wenye mbwa ndani yake. Nilipomwona nikaukosa. Nikamweleza yote. Akatoa viatu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chuma, palipokuwa na vipande vya mbao na ndizi iliyokauka. Nikangoja nipigwe.

"Ulitua na meno ya mbele," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Mjinga. Unatua na ukingo wa nje, ukienda kinyumenyume." Akafuta chuma. "Sasa ni nini kitakachotokea?"

Nikamwambia habari za Jumamosi, na Kyerwa, na barabara ya Murongo. Akauliza kwa nini mama asikanyage. Nikamweleza sheria. Akaniuliza mtumbwi una urefu gani.

Alhamisi asubuhi akaja. Mama alikuwa ameshaziba tundu kwa kitambaa cha gome la mti na nta ya nyuki, akalipigilia kabari, maji hayakupita hata tone. Ndizi zimemenywa, majani yamechanganywa. Baba mkubwa Zakaria ameketi kwenye kigoda, amekuja kuhakikisha kwamba haitawezekana.

Bibi Sigine akawaamkia wote, kisha akavua viatu na soksi mbele ya watu, akaomba maji ya moto.

Tuliitazama ile miguu. Vidole vimepinda vikapandana, mifupa imetokeza pembeni, kisigino kina kovu refu. Nilikuwa nimetegemea miguu ya malkia. Mama akainama karibu, akaangalia kwa makini, akasema polepole, "Hii ni miguu iliyofanya kazi." Akaanza kuiosha mwenyewe, na Bibi Sigine akataka kukataa, mama akamshika kifundo kwa nguvu mpaka akatulia.

"Mnafanya nini?" Baba mkubwa akasimama. "Mwanamke haingii humo."

"Nani alisema?" Bibi Sigine akauliza.

"Imesemwa."

"Hata kwetu ilisemwa nisiruke."

"Pombe itaharibika!"

"Mimi nakamua maji matamu, mzee wangu. Yakiamua yenyewe kuwa kitu kingine baada ya siku mbili, sitakuwepo kuyauliza."

Koku akacheka, akajiziba mdomo. Baba mkubwa akatazama vilima, akatazama ndizi, akatazama jua linavyopanda. Mnajua uso wa mtu anayetafuta mlango wa nyuma? Akaupata.

"Basi sawa," akasema. "Mzungu hahesabiwi. Sheria inasema mwanamke. Huyu si mwanamke, huyu ni mzungu. Aingie."

Mimi nikafurahi. Nikaona tumepona. Lakini yule mama wa Kiswidi alikuwa na mguu mmoja hewani, akaurudisha chini.

"Hapana," akasema. "Naingia nikiwa mwanamke, au siingii. Nikitoka humo nitakuwa mwanamke bado. Pombe ikiharibika, waambieni watu mwanamke ameiharibu. Ikiwa nzuri, waambieni hivyohivyo."

Yalaa! Nilitamani kumwambia, Bibi, chukua huo mlango wa nyuma, mimi nakwenda kuchunga ng'ombe! Shule yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye kidole chake kilichopinda, na yeye anachagua maneno. Nilimchukia kwa muda wa pumzi mbili hivi.

Mama ndiye aliyejibu. Aliushika ule mguu uliooshwa, akauinua, akauweka ndani ya mtumbwi.

Wadogo zangu, hapa ndipo nilipojifunza kazi niliyokuwa nimeifanya miaka mitano. Hakuruka. Hakupiga kama mchi. Alisimama kichwani mwa mtumbwi, magoti yamelegea, akalalia ukingo wa ndani wa mguu wa kulia, akausukuma mbele kama anayefungua pazia, ndizi zikabanwa kwenye ubavu wa mtumbwi, zikapasuka kimya. Kisha mguu wa kushoto upande wa pili. Alikwenda mpaka mwisho, akageuka kwa kisigino, akarudi kwa ukingo wa nje akipita juu ya njia yake mwenyewe. Nane. Nane ndefu, nyembamba, moja baada ya nyingine. Sketi ameifunga kiunoni, jasho linamtiririka, macho yapo mbali, sijui kwenye ziwa gani.

Hakuna nyuki aliyeshtuka. Hakuna rojo lililoruka. Omuramba ulipanda taratibu, wa manjano, safi, majani yakielea juu. Kabla jua halijafika utosini mama aliingiza kibuyu, kikajaa.

Baba mkubwa Zakaria alikuwa amesogeza kigoda bila kujijua, mpaka pua yake ikawa karibu kugusa mtumbwi. "Mguu unauweka vipi pale unapogeuka?" akauliza. Kisha akakumbuka kwamba amenuna, akasogea nyuma.

Kuna kitu kingine nilikiona, ingawa wakati huo sikukielewa. Mama hakuwa anatazama omuramba. Alikuwa anatazama miguu tu, na yake mwenyewe, chini, kwenye vumbi, ilikuwa inasogea kidogokidogo. Ukingo wa ndani. Ukingo wa nje.

Jumamosi wakwe wakaja kutoka Igurwa, kundi zima, wamevaa makoti. Majani ya mgomba yalipofunuliwa, sikuthubutu kupumua. Mzee wao, mtu mwenye sauti nene, akavuta kwa mrija, akafumba macho. Akavuta tena. Nikaanza kuhesabu ng'ombe kichwani, nikiwapa majina.

"Hii imekanyagwa na mtu," akasema. "Haina uchungu wa maganda, haina mchanga. Nani aliyekanyaga?"

Wote wakamgeukia Baba mkubwa, mwenye nyumba kwa niaba ya marehemu. Alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema ni mimi, wengi wangeamini. Alinitazama, nikatazama chini. Alimtazama Bibi Sigine, aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake, anakunywa chai yake ya rangi, hageuki.

"Imekanyagwa na mwanamke," akasema Baba mkubwa Zakaria, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Yule mzee wa wakwe akautoa mrija mdomoni. Akautazama. Akaurudisha mdomoni.

"Basi apewe na yeye," akasema, na watu wakapumua, ngoma ikaanza.

Bibi Sigine ameshaondoka, amehamishiwa mbali, na viatu vyake amekwenda navyo. Wapo wanaosema tangu siku ile heshima ya mtumbwi imekwisha hapa kwetu. Waseme. Nimewaona wakija kunywa.

Mimi, jioni ile ya harusi, wakwe walipokwisha kuondoka na Koku, nilimkuta mama peke yake anaosha mtumbwi. Alikuwa anauosha kwa ndani, amesimama ndani yake, sketi imefungwa kiunoni. Nikamwambia kifundo changu kinapona, juma lijalo nitaweza kukanyaga tena. Akaendelea kusugua. Halafu akasema hivi, na siongezi neno:

"Wewe nenda shule. Miaka mitano nimesimama hapo pembeni nikiona unavyokosea."